RABA YA STAA, KUCHA NYEUSI ZA MASHABIKI: MLIMANI KIKI HAISHIKI TOPE!

Mjini kuna mambo. Kuna staa mmoja wa kike, jina kapuni, ambaye wafuasi wake wakiamua kukutana siku moja Uwanja wa Mkapa hautatosha. Mwaka jana alikuwa balozi wa mafuta ya nywele. Mwanzoni mwa mwaka huu akawa balozi wa chai ya kupunguza tumbo. Sasa hivi ni mkimbiaji. Na sio mkimbiaji wa Coco Beach hadi Daraja la Tanzanite kama watu wengine, hapana. Ni mkimbiaji wa milimani, kilomita 50, msituni, kwenye tope.

Hongera yake, maana mazoezi ni afya na hakuna wa kumkataza. Tatizo sio yeye kukimbia. Tatizo ni raba.

PICHA NYEUPE, TOPE JEKUNDU

Ilikuwa Jumamosi, kule Milima ya Usambara, upande wa Lushoto. Wanaoijua Lushoto wanajua: asubuhi baridi, ukungu, na mvua ikishapiga usiku ule udongo mwekundu unakuwa kama sabuni. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi staa akarusha picha ya kwanza. Yuko mstari wa kuanzia, raba nyeupe pee, soli nene kama mkate wa boflo. Maneno chini yake: "Kilomita 50 na mpenzi wangu wa miguuni. Laini kama wingu. Namba ya punguzo iko kwenye bio."

Saa nane mchana ikaja video. Anasema yuko kilomita ya 38, bado anadunda, miguu haijui kama imekimbia. Watu wakamwaga makopakopa, laiki zikapaa. Ila wenye macho wakaona kitu. Nyuma yake wanapita wakimbiaji wengine, tope mpaka magotini, soksi zimegeuka rangi ya matofali. Yeye raba nyeupe pee, kama zimetoka kwenye boksi dakika ile ile. Kilomita 38 za Usambara baada ya mvua, na soli haina hata doa!

Kumbe bwana, kwa mujibu wa mmoja wa waliokuwa wanagawa maji njiani, mrembo alikimbia kama kilomita tatu, akapanda gari, akashushwa karibu na kituo, akapiga video, akarudi garini. Na ile picha ya mwisho, ya medali, ukiikuza vizuri unaona miguuni kuna kiatu kingine kabisa. Cheusi, soli ina meno. Yaani mwenyewe alipotakiwa kushuka mita mia chache za utelezi kwenda kwenye mstari wa kumalizia, lile wingu lake aliliacha kwenye gari.

Watu walipoanza kuuliza kwenye komenti, zikafutwa. Aliyeuliza mara ya pili akafutwa yeye.

FUNDI SIMU NA MKONO WAKE WA KULIA

Haya yote yangeishia kwenye kicheko kama isingekuwa kijana mmoja fundi simu pale Kariakoo. Naye jina kapuni, maana ya kwake yanamtosha.

Kijana huyu anakimbia na klabu ya joging ya mtaani kwao huu mwaka wa tatu. Nusu marathoni kamaliza, marathoni kamaliza. Alikuwa na raba zake za mtumba alizozipata Karume, zenye meno chini, zimechakaa kidogo tu kwenye kitambaa. Kwenye grupu la WhatsApp la klabu wakaanza kumtania. "Kaka, hizo unaendea kulima au kukimbia?" "Mwanangu, tukipiga picha wewe kaa nyuma." Utani wa kawaida, ila ukirudiwa kila Jumamosi unaingia.

Akajipinda, akatoa shilingi 280,000, hapo punguzo la staa limeshatoka. Kwa mtu anayebadilisha vioo vya simu, hizo ni siku nyingi za kuinamia meza. Akaagiza namba 42 kwa sababu ndo namba yake ya siku zote. Zikafika siku nne kabla ya mbio. Akazijaribu chumbani, juu ya zulia. Laini kweli. Wingu.

Kilomita ya 12, vidole vikaanza kugonga mbele kwenye kila mteremko. Ya 18 akasimama kulegeza kamba, ndo akaharibu zaidi, maana mguu ukapata nafasi ya kuteleza ndani ya kiatu. Ya 23, mteremko wa msituni, mizizi na tope, ile soli isiyo na jino hata moja ikaondoka kama ganda la ndizi. Akajikinga kwa mkono wa kulia. Kifundo cha mkono kikavunjika.

Aliyemuokoa ni mama mmoja aliyekuwa anatoka shamba, miguuni kavaa katambuga. Akatua mzigo wake wa kuni pembeni, akamshika begani, akamshusha taratibu hadi barabarani. "Pole mwanangu. Viatu vyenu vya mjini huku havishiki." Basi, hayo tu ndo aliyosema, akarudi kuchukua kuni zake.

Wiki sita mkono kwenye P.O.P. Fundi simu! Mkono wa kulia! Kucha mbili za miguu ziligeuka nyeusi zikang'oka, hizo hata hazihesabiwi. Meza yake pale Kariakoo imekaliwa na mtu mwingine, kwa sababu kodi ya meza haisubiri mfupa uunge.

Akamwandikia staa inboksi, kiroho safi, hakutukana: "Dada habari. Nilinunua kwa namba yako, nimeumia. Naomba tu uwaambie watu kwamba sio za mlimani." Jibu likaja: "Pole sana kipenzi, kila mguu na bahati yake." Halafu akamblok.

Sasa haki isemwe. Hata mwenye kiatu sahihi huanguka mlimani. Mvua ni mvua, mzizi ni mzizi. Lakini kuna ajali, na kuna kumvalisha mtu soli ya lami ukampeleka kwenye tope huku ukimwambia wewe mwenyewe umekimbia nayo kilomita 50. Hiyo ya pili sio bahati ya mguu. Ni uongo uliolipiwa.

KIATU CHA LAMI NI CHA LAMI

Wafuasi wengi waliambiwa "raba ya kukimbilia", wakaamini raba ni raba. Sio kweli, na wala sio siri ya wataalamu. Geuza kiatu uangalie chini, unapata nusu ya jibu.

Kiatu cha barabarani kina soli ya karibu bapa, kwa sababu lami ni ngumu na tambarare, kinachotakiwa ni mpira kugusa chini sehemu kubwa. Kiatu cha njia za milimani kina meno. Penye njia kavu na ngumu, meno mafupi ya kama milimita 3 yanatosha. Njia ya mchanganyiko, mawe hapa, majani pale, tope kidogo, tafuta 4 hadi 5. Tope lenyewe hasa, kama lile la Usambara au Uluguru wakati wa mvua, meno yawe marefu, 6 na kuendelea, na yawe yameachana. Yakibanana, tope linakwama katikati, na baada ya hatua kumi unakimbia na matofali mawili miguuni.

Watu walilijua hili zamani sana, tena kwa machungu. Mwaka 1935 mpanda milima wa Italia, Vitale Bramani, alipoteza wenzake sita kwenye milima ya Alps, na viatu duni vya wakati ule vilikuwa sehemu ya sababu. Miaka miwili baadaye, 1937, akatoa soli ya mpira yenye meno, na ndiyo ikazaa Vibram, lile jina ambalo mpaka leo liko chini ya viatu kibao vya milimani. Yaani meno ya soli yalikuja baada ya watu kufa. Halafu mwaka huu mtu anakuja kuyaita "mapambo".

Kuna na lile kundi lingine, wale wa kiatu chenye bamba la kaboni ndani. Walimuona Eliud Kipchoge kule Vienna mwaka 2019 akikimbia kilomita 42.195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, wakasema hicho hicho twende nacho mlimani. Kipchoge alikimbia barabara iliyonyooka, tambarare, imeandaliwa. Kiatu cha aina ile kirefu, chembamba kisigino, soli laini, ukikipeleka kwenye mawe ya kupindapinda kinakuwa kama mchuchumio wenye springi. Kifundo cha mguu ndo kinalipa.

Na msidanganywe na neno "haipitishi maji". Kwa matembezi ya asubuhi kwenye umande, sawa. Kwa kilomita 50 zenye mito ya kuvuka, maji yatakuingilia kwa juu, pale mguu unapoingilia, na yakishaingia hayana pa kutokea. Unakimbia na ndoo mbili. Kitambaa chepesi cha matundu kinalowa haraka lakini kinamwaga maji haraka, na ngozi haivimbi ikachubuka.

NAMBA YA KWENYE BOKSI SIO NAMBA YA MGUU

Hapa ndo kucha za watu wengi zinapofia.

Mguu wa saa moja asubuhi sio mguu wa saa tisa mchana. Ukikimbia saa nyingi, mguu unavimba. Ukishuka mlima, mguu mzima unasukumwa mbele. Weka hayo mawili pamoja kwenye kiatu kinachokubana sawasawa kama glovu, kila hatua ya mteremko ni nyundo kwenye kucha. Damu inavilia chini yake, kucha inakuwa nyeusi, wiki chache baadaye inaaga. Wengine wanaiposti kama cheti cha ushujaa. Mara nyingi ni cheti cha kununua kiatu kidogo.

Ukienda kujaribu kiatu cha mbio ndefu, nenda jioni, miguu ikiwa imeshatembea siku nzima. Vaa soksi zile zile utakazokimbilia. Simama wima, usikae, halafu pima: mbele ya kidole kirefu kuliko vyote ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Na sio kila mtu kidole chake kirefu ni gumba, wengine ni cha pili, kwa hiyo angalia mguu wako, sio wa rafiki yako. Vidole viweze kutanuka. Kisigino kisicheze. Tafuta ngazi au mteremko wowote, hata ule wa kuingilia maegesho ya magari, ushuke nao mara tano. Kidole kikigusa mbele, rudisha.

Namba nazo ni kizungumkuti. Kuna za Ulaya, za Uingereza, za Marekani, na kampuni moja 42 yake ni 43 ya nyingine. Kisichobadilika ni sentimita. Weka mguu juu ya karatasi, kisigino ukutani, chora, pima. Pima yote miwili, maana wengi wana mguu mmoja mkubwa kidogo, na kiatu kinanunuliwa kwa ule mkubwa.

Kamba pia ni kazi. Fundi simu alilegeza kamba zote na mguu ukazidi kuteleza mbele. Kinachotakiwa kwenye mteremko ni kisigino kukaa nyuma. Lile tundu la mwisho kabisa la juu, ambalo watu wengi huliacha tupu wakidhani ni urembo, kazi yake ni hiyo: unapitisha kamba kila upande unatengeneza kitanzi kidogo, unavukisha kamba ya upande wa pili ndani ya kitanzi, unakaza. Kisigino kinakaa, vidole vinapumua. Haina gharama hata shilingi mia.

Na soksi za pamba ziachwe nyumbani. Pamba inakunywa jasho inabaki nalo, ngozi inalainika, malengelenge yanakuja. Soksi za nyuzi za kutengenezwa au za sufi nyembamba zinafaa zaidi. Kucha zikatwe siku mbili tatu kabla, sio usiku wa kuamkia mbio.

HILO WINGU NALO

Tusiwaonee wenye soli nene. Unene peke yake sio kosa. Hoka, kampuni iliyofanya soli nene ziwe fasheni, ilianzishwa Ufaransa mwaka 2009 na watu wa milimani waliotaka kushuka milima kwa kasi bila magoti kulia. Kwenye mbio ndefu soli nene husaidia miguu isichoke na kila jiwe. Lakini za kwao za milimani zina mpira wa kushika chini, na zimetengenezwa pana ili mguu usipinduke. Nene, laini, nyembamba na bapa kwa pamoja, hiyo ni ya lami.

Kuna kitu kingine wauzaji hawakitaji: tofauti ya kimo kati ya kisigino na mbele. Viatu vingi vya kukimbilia kisigino kiko juu kwa milimita 8, 10, hata 12. Vingine, kama vingi vya Altra, kisigino na mbele viko sawa kabisa, sifuri. Hakuna kilicho cha haramu. Haramu ni kuhama ghafla. Aliyezoea 10 akavaa sifuri leo na kesho akaenda kilomita 50, mzigo wote unahamia kwenye mshipa wa kisigino na misuli ya nyuma ya mguu, na mshipa ule ukikasirika hausameheki kwa wiki moja. Anayetaka kuhama ahame kwa miezi, kilomita chache chache.

Uzito nao una hesabu yake. Kila gramu 100 unazoongeza kwenye kila kiatu zinaongeza nguvu unayotumia kwa takriban asilimia 1. Inaonekana ndogo, ila izidishe kwa saa tisa za kupanda na kushuka. Lakini pia usikimbilie kiatu chepesi kama karatasi kisichokuwa na kinga dhidi ya mawe. Vingi vya milimani vina kipande kigumu ndani ya soli ili jiwe lenye ncha lisikuchome unyayo. Kwa njia ya mawe mengi, kipande hicho kina thamani kuliko rangi yoyote.

Sasa kati ya vyote hivyo mtu achague kipi? Profesa Benno Nigg wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, ambaye ametumia maisha yake kuchunguza miguu ya wakimbiaji, mwaka 2015 alitoa hoja na wenzake kwamba mkimbiaji aende na kiatu ambacho mwili wake mwenyewe unasema kinakaa vizuri. Mwili wake mwenyewe. Sio mwili wa mtu mwenye namba ya punguzo.

"MBONA WAZEE WALIKIMBIA PEKU?"

Hili halikosekani. Kila ukigusa habari ya viatu, anatokea mtu: "Acheni ushamba, Abebe Bikila alishinda marathoni peku!" Kweli, Roma, mwaka 1960, Muethiopia yule alishinda Olimpiki miguu mitupu. Lakini alikuwa amezoea kukimbia hivyo, unyayo wake ulikuwa tayari. Na mwaka 1964, Tokyo, alishinda tena, safari hii akiwa na viatu. Funzo lake ni kwamba alitumia alichokizoea.

Mfano mzuri zaidi huu hapa. Mwaka 1993, kule Leadville, Colorado, kwenye mbio za maili 100, yaani kilomita 160 hivi, za milima mirefu, alishinda Victoriano Churro, mkulima wa jamii ya Rarámuri kutoka Mexico, mtu mzima wa zaidi ya miaka 50. Miguuni alikuwa na makubazi ya matairi ya gari. Katambuga, kwa lugha ya nyumbani! Kama za yule mama wa Lushoto.

Kwa nini yule mama hakuteleza? Tairi lina mifereji, ndo maana gari linashika barabara. Limekatwa kwa kipimo cha mguu wake, vidole viko nje havigongi popote. Na kavaa aina hiyo tangu utotoni, kwenye mteremko ule ule. Mama hana wafuasi, hana namba ya punguzo, lakini kwenye suala la kiatu na ardhi anamzidi staa kwa mbali. Hiyo haina maana watu wa Sinza kesho waende mlimani na katambuga. Maana yake ni swali la kujiuliza: kiatu hiki, kwa ardhi hii, kwa mguu huu, kimeshazoeleka?

Bongo hii hii kuna watu wa kuwauliza. Simon Mtuy, mtoto wa Kilimanjaro, mwaka 2006 alipanda na kushuka Mlima Kilimanjaro bila msaada wa mtu kwa saa 9 na dakika 21. Saa tisa! Wengine safari hiyo ni siku sita. Kenya jirani wana Patrick Kipngeno, aliyewahi kuwa bingwa wa dunia wa mbio za kupanda mlima. Watu hao wapo, na waongoza watalii wa Marangu na Machame wapo, wanashuka mlima kila wiki. Lakini mtu anaenda kuuliza kiatu kwa aliyepata elimu ya mlima kwenye kioo cha gari.

"NI KAZI YAKE, MWACHENI ALE"

Watetezi nao hawajambo. Wanasema staa ana haki ya kutangaza, mtu mzima anajichagulia, hakuna aliyeshikiwa panga anunue.

Haki ya kutangaza anayo, na kula kwa jasho la jina lake sio dhambi. Angesema "raba hizi nzuri kwa joging ya jioni, nimelipwa kuzitangaza", nani angelalamika? Huenda kwa lami ni raba nzuri kweli. Lakini aliapa amekimbia nazo kilomita 50 za mlima. Na huo ushahidi ndo fundi simu alioununua. Hakununua rangi, hakununua wingu. Alinunua neno la mtu aliyesema "nimejaribu, inafaa". Neno hilo likiwa feki, bidhaa ni feki hata kama nembo ni orijino.

Na kusema "mtu mzima anajichagulia" ni sawa pale anapopewa ukweli wa kuchagulia. Aliyefutiwa komenti hakuchagua, alichaguliwa.

Klabu nazo zijitazame. Nani alimfanya kijana aone aibu ya raba zake za Karume zenye meno, ambazo huenda zingemshika kwenye ule mteremko? Ni wenzake. Wale wale waliochanga buku mbili mbili za pole kwenye grupu. Siku hizi baadhi ya klabu zimekuwa maonyesho ya mavazi yenye mbio kidogo pembeni. Mtu anaulizwa kavaa nini kabla hajaulizwa kakimbia ngapi.

Mtumba wenyewe sio aibu, ila unataka macho. Bonyeza sponji ya soli kwa kidole gumba: ikiwa ngumu kama ubao au ina mikunjo mingi ubavuni, imeshakufa. Sponji ya raba ya kukimbilia kwa kawaida hudumu kama kilomita 500 hadi 800, na hata ikikaa tu stoo miaka mingi inachakaa, gundi inakauka, aina nyingine ya soli inamong'onyoka kwa joto na unyevu kama wa Dar. Angalia soli imelika upande gani. Ikiwa imelika sana upande mmoja, aliyeivaa mwanzo kakuachia mwendo wake. Kikunje mbele, kikunjike pale vidole vinapokunjika. Kikamue kama nguo. Kikijisokota chote kama taulo, mlimani hakitakulinda. Mtumba wenye meno mazima na sponji hai ni bora mara kumi kuliko mpya ya lami.

WAUZAJI NA WAANDAAJI, NANYI MJE HAPA

Wauzaji wa mtandaoni: mteja akiuliza sentimita, mjibuni sentimita, sio "inakuja kawaida dear". Andikeni ni ya lami au ya njia za vumbi na tope. Andikeni kimo cha meno. Sio siri ya jeshi. Na mteja akijaribu ndani, kwenye sakafu safi, apewe siku mbili za kurudisha.

Waandaaji wa mbio: tangazo lisijae majina ya mastaa watakaohudhuria bila hata mstari mmoja kuhusu ardhi yenyewe. Semeni mita ngapi za kupanda kwa jumla, kilomita ngapi za msitu, mito mingapi, mvua ikinyesha inakuwaje. Watu wanalipa kiingilio, wana haki ya kujua wanakanyaga nini. Na video ya mtu aliyeshushwa kwenye gari isirushwe kwenye ukurasa wenu kama ushuhuda.

Na mkimbiaji, kiatu kipya hakianzi siku ya mbio. Kipe angalau wiki kadhaa, na mbio moja ndefu kwenye ardhi inayofanana. Wa Dar hana mlima? Msitu wa Pugu Kazimzumbwi uko hapo nyuma, una vilima na njia za udongo. Wa Morogoro anayo Uluguru, apande kuelekea Morningside arudi. Kiatu kikikusumbua saa mbili za mazoezi, saa tisa za mbio hakitabadilika tabia.

Habari za mwisho ni kwamba fundi simu katolewa P.O.P. Vidole vinakunjika lakini skrubu ndogo za simu bado zinamponyoka. Zile raba nyeupe kaziweka mtandaoni aziuze, na kwenye maelezo kaandika kwa herufi kubwa: ZA LAMI TU. Sentensi mbili za ukweli, bei na kasoro, kutoka kwa mtu aliyevunjika mkono. Mrembo mwenye wafuasi wake wote imemshinda.

Yeye wiki hii ni balozi wa magodoro.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Nani mwingine kaachwa na kucha nyeusi kwa ajili ya kiki ya mtu? Na mnaovaa mtumba mlimani, tajeni mnachokikagua kwanza, wengine wajifunze. Matusi hapana, majina ya watu hapana. Dondosha komenti yako hapo chini.